Kijitabu cha Kliniki Usikitupe: Maswali Yenu Kuhusu Moyo wa Mwanamke

Tuliomba maswali kuhusu moyo wa mwanamke, na barua zimetufikia kutoka Kisumu, Nakuru, Bungoma, Busia, Homa Bay na kwingineko. Nyingi zinaanza hivi: "Mimi bado mdogo, lakini..." Ugonjwa wa moyo umezoeleka kuwa wa wazee na wa wanaume wenye vitambi, ndiyo maana mwanamke wa miaka 30 huona haya hata kuutaja. Tumeanza na swali lililotujia kwa sura nyingi.

SWALI: Hamjambo. Miaka mitatu iliyopita nilizalishwa kwa upasuaji mimba ikiwa ya miezi minane kwa sababu ya presha. Ilifika 170/110 na mkojo ulikuwa na protini. Wiki sita baadaye nikaambiwa imeshuka, nikaacha dawa. Sasa rafiki yangu anasema mambo hayo humrudia mtu kwenye moyo. Ni kweli ama ananitisha? Na nikitaka mtoto mwingine? Nina miaka 31.
*Mama wa mtoto mmoja, Bungoma*

JIBU: Ni kweli, dada, na afadhali umeambiwa sasa kuliko ukiwa na miaka 50.

Presha ya ujauzito ikiandamana na protini kwenye mkojo inaonyesha kwamba kuta za ndani za mishipa ya damu ziliumia, au zilikuwa na udhaifu ambao mimba imeufichua. Mtoto akizaliwa na kondo likatoka, presha hushuka. Alama hubaki. Mwanamke aliyepitia hali hiyo ana uwezekano wa karibu mara mbili wa kuugua moyo au kupata kiharusi akilinganishwa na aliyejifungua bila presha, na uwezekano wa kupata presha ya kudumu hufika mara tatu au nne. Hatari huzidi kwa waliozalishwa kabla ya wiki 34 na kwa waliopata presha hiyo katika mimba zaidi ya moja. "Miezi minane" kwa hivyo haitoshi, zinatakiwa wiki zenyewe.

Zimo katika kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, kile ambacho wengi hukitunza mpaka mtoto amalize chanjo, kisha kurasa zake zikaishia kufungia njugu. Kitafute. Fungua ukurasa wa mahudhurio ya kliniki, pitisha kidole kwenye safu ya presha na safu ya mkojo, na unakili mambo manne kwenye karatasi moja: presha ya juu kabisa iliyoandikwa, protini ilikuwa na alama ngapi za kujumlisha, ulijifungua mimba ikiwa ya wiki ngapi, na mtoto alikuwa na uzito gani. Ipige picha ukae nayo kwenye simu. Ukienda kutibiwa ukiwa na miaka 42, utaulizwa kama unavuta sigara, kama una kisukari, kama baba yako alikuwa na presha. Mimba zako huenda asiziulize mtu, kwa kuwa rekodi za uzazi hubaki upande wa uzazi. Itabidi uzitaje mwenyewe. Na wanaofaa kuzitaja hawaishii kwako: waliopata kisukari cha mimba wamo, na waliojifungua kabla ya wiki 37, na waliozaa mtoto mdogo kuliko umri wa mimba yake.

Kuanzia sasa pima presha angalau mara moja kila mwaka hata kama huumwi. Pima pia sukari kabla ya kula asubuhi, na mafuta ya damu. Aliyekuwa na kisukari cha mimba apimwe kwa kunywa gramu 75 za glukosi kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, kisha arudie kupima sukari kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, maana kisukari hicho hupenda kurudi kikiwa cha kudumu.

Mtoto mwingine anawezekana. Kliniki ya kwanza iwe kabla ya wiki 12, usingoje tumbo lionekane kama ilivyo desturi yetu. Kwa aliyewahi kupata presha kama yako, daktari kwa kawaida huanzisha aspirini ya kiasi kidogo, miligramu 75 hadi 150 kila usiku kuanzia wiki ya 12, na ikipita wiki ya 16 faida yake hupungua sana. Huongeza pia kalsiamu, gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, ikigawanywa mara tatu na kutenganishwa kwa saa kadhaa na vidonge vya kuongeza damu, la sivyo kalsiamu huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Usijianzishie dawa hizi dukani. Na ikiwa kabla ya kushika mimba utakuwa umerudishiwa dawa za presha, soma majina kwenye pakiti: enalaprili na losartani humdhuru mtoto tumboni, kwa hivyo hubadilishwa mapema, na mahali pake huwekwa methildopa au nifedipini.

Jambo moja ambalo hukuliuliza. Kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi mitano baada ya kujifungua, misuli ya moyo inaweza kulegea. Waliopata presha ya mimba wako katika hatari zaidi. Mama hashindwi kupanda ngazi tu, hushindwa hata kulala chali. Huamka usiku akikohoa na kutafuta hewa, miguu imevimba, na majirani wanasema ni uchovu wa kunyonyesha. Kituoni huweza kutibiwa nimonia mara mbili. Mama aliyejifungua juzi asiyeweza kulala bila kuegemea mito aende hospitali usiku huohuo.

SWALI: Binti yangu wa miaka 13 huumwa koo mara kwa mara. Mwezi uliopita goti lilivimba, likapona, kiwiko kikaanza. Kituo cha afya wanasema apigwe sindano kila mwezi kwa miaka. Naogopa kumzoesha dawa. Koo na moyo vinahusiana vipi?
*Mzazi, Busia*

JIBU: Vinahusiana sana. Koo linapovamiwa na bakteria aina ya streptokoka, mwili hutengeneza askari wa kuwaua. Kwa watoto wengine, hasa kati ya miaka 5 na 15, askari hao hukosea na kushambulia viungo, ngozi, ubongo na valvu za moyo, ile milango midogo inayoongoza damu. Hutokea wiki mbili tatu baada ya koo kupona, ndiyo maana mzazi haunganishi mambo hayo. Maumivu yanayohama kutoka goti hadi kiwiko ni dalili yake kubwa. Nyingine, inayowapata wasichana zaidi, ni mikono kurukaruka bila kutaka. Shuleni huonekana mwandiko umeharibika ghafla na kikombe kinaponyoka, na mtoto akachapwa kwa utundu.

Goti hupona lenyewe. Valvu haiponi hivyo. Kila shambulio jipya huongeza kovu. Sindano hiyo ni benzathini penisilini, uniti milioni 1.2 kwa mwenye kilo 30 kwenda juu, kila baada ya wiki tatu au nne. Haimzoeshi dawa. Kazi yake ni kuhakikisha bakteria hawapati nafasi ya kurudi kooni. Kosa linaloonekana sana ni kuchelewa: wiki nne zikawa sita kwa sababu ya mitihani au nauli, na ndani ya hizo mbili za ziada kinga imekwisha. Andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, na dawa iliyo baridi ishikwe mkononi ipate joto kabla ya kudungwa, maumivu hupungua. Kama moyo haukuguswa, sindano huendelea kwa miaka mitano au hadi afikishe miaka 21, kinachochelewa ndicho kifuatwe. Ulioguswa ni miaka 10 au hadi 21, na valvu ikibaki na kovu huenda hadi 40. Ili kujua yuko wapi, apigwe picha ya moyo ya mawimbi ya sauti katika hospitali ya kaunti au ya rufaa.

Mzazi, usisahau kwamba huyu atakuwa mama siku moja. Katika ujauzito damu huongezeka kwa karibu nusu, na mzigo huo huwa mzito kuanzia wiki ya 28 hivi. Valvu iliyokaza, ambayo msichana ameishi nayo bila shida, hapo ndipo hushindwa na maji yakaingia mapafuni. Wanawake wengi hujua kwa mara ya kwanza kwamba wana valvu mbovu wakiwa wadi ya wazazi. Binti yako amepata bahati ya kujulikana mapema.

Na koo la watoto wengine nyumbani: bakteria akishukiwa, ni sindano moja ya penisilini au amoksilini kwa siku 10 kamili. Vidonge sita vya kununua kwa rejareja havimalizi kitu.

SWALI: Natumia vidonge vya kupanga uzazi, nina miaka 36. Juzi mhamasishaji wa afya ya jamii alinipima nyumbani akapata 146/94. Niviache leo?
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Usiviache leo kabla ya kupata kingine, kwa maana mimba yenye presha ni hatari kuliko vidonge hivyo. Lakini wiki hii nenda ubadilishe. Tazama pakiti: kama vina homoni mbili, estrojeni na projestini, havimfai mwenye presha ya 140/90 kwenda juu, wala aliyefikisha 35 anayevuta sigara, wala mwenye kipandauso kinachoanza kwa kuona vimulimuli, wala aliyewahi kupata damu iliyoganda mguuni au kwenye mapafu. Estrojeni hupandisha presha kwa baadhi ya wanawake na huongeza kuganda kwa damu. Kinachofaa kuliko vyote kwa moyo ni koili ya shaba, haina homoni hata chembe na hukaa miaka 10. Kijiti cha mkononi na vidonge vya homoni moja vinakubalika. Sindano ya miezi mitatu haipendekezwi presha ikifika 160/100. Baada ya kubadilisha, pima tena baada ya miezi mitatu. Ikirudi chini, umepata mchawi wako. Ikibaki juu, hiyo ni presha yako na itibiwe kama presha.

SWALI: Mashine ya duka la dawa inasema 152, kituo cha afya kinasema 134, ya shemeji yangu inasema 160. Nimwamini nani?
*Msomaji, Kakamega*

JIBU: Kabla ya kulaumu mashine, tujue ulipimwaje. Mara nyingi mtu huingia dukani kutoka kwenye jua, ameshuka bodaboda, anaketi kwenye stuli ndefu miguu ikining'inia, mkono wa gauni umevutwa juu hadi umekaza begani kama kamba, na muuzaji anamuuliza habari za nyumbani mashine ikiendelea kuvuma. Kila kimoja katika hivyo kinaweza kuongeza alama, na kibofu kilichojaa kinaongeza zake.

Fanya hivi. Nusu saa kabla, usinywe chai ya majani wala kahawa, usivute, usifanye kazi nzito. Enda haja ndogo. Keti dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu isipishane. Mkono uwe wazi, uulaze juu ya meza usawa wa moyo. Mkanda ufungwe moja kwa moja kwenye ngozi, ukingo wake wa chini ukae vidole viwili juu ya kunjo la kiwiko. Pima mara mbili, dakika moja hadi mbili katikati, uandike zote.

Halafu kuna saizi ya mkanda, na hapa wanawake wengi huonewa. Mkanda wa kawaida hutosha mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Mkono wako ukiwa na 35, mkanda huo utakubandika presha usiyokuwa nayo. Pima mkono katikati ya bega na kiwiko kwa futi ya fundi cherehani, kisha uulize mkanda mkubwa. Kama una mashine nyumbani, pima asubuhi na jioni, mara mbili mbili, kwa siku saba. Tupa siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Nyumbani, 135/85 kwenda juu tayari ni presha; hospitalini mpaka ni 140/90.

SWALI: Nina miaka 44 na nimetumia ARV miaka 12. Virusi havionekani tena kwenye vipimo. Nimeongezeka kilo tisa na sasa nina kisukari pia. Je, moyo wangu uko hatarini kwa sababu ya dawa?
*Msomaji, Homa Bay*

JIBU: Hongera kwa miaka 12, na usiache hata kidonge kimoja. Kinachouchosha moyo zaidi ni virusi vyenyewe: hata vikidhibitiwa huacha mwili katika hali ya kuwaka ndani kwa ndani, na mishipa huzeeka haraka. Hatari ya ugonjwa wa moyo kwa anayeishi na virusi vya ukimwi ni kama mara mbili ya asiye navyo. Anayeacha dawa huongeza moto huo.

Kilo tisa ni jambo la kuangaliwa. Dolutegraviri, iliyo katika dawa nyingi za sasa, huwaongezea wanawake wengine uzito. Haimaanishi ibadilishwe. Ina maana kwamba siku ya kuchukua dawa upande kwenye mzani na upimwe presha, usikubali kuondoka na mfuko wa dawa tu. Kisukari nacho humwongezea mwanamke hatari ya moyo kwa kiwango kinachozidi kile kinachomwongezea mwanamume. Kama unameza metformini pamoja na dolutegraviri, kiasi cha metformini kwa kawaida hakipitishi miligramu 1,000 kwa siku, kwa kuwa dolutegraviri huizuia isitoke mwilini. Mwonyeshe anayekutibu pakiti zote mbili kwa pamoja, hasa ukiwa unazipata kliniki mbili tofauti.

Uliza pia kuhusu statini, yaani dawa za kushusha mafuta ya damu. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2023 kwa watu wanaoishi na virusi, wa miaka 40 hadi 75, ulionyesha kwamba pitavastatini ilipunguza mishtuko ya moyo, viharusi na mengine makubwa ya aina hiyo kwa asilimia 35. Ziko statini za aina nyingine pia, ila simvastatini haichanganywi na ARV za kundi la ritonaviri. Mwenye kisukari aliyepita 40 kama wewe tayari ana sababu ya kupewa statini, hata bila utafiti huo.

SWALI: Nauza samaki Kibuye. Nina miaka 58 na nina kisukari. Mara tatu mwezi huu nimepata uzito juu ya tumbo, jasho jembamba na kichefuchefu nikibeba beseni, nikikaa kinaondoka. Nimepewa dawa za vidonda vya tumbo.
*Mama wa Kisumu*

JIBU: Mama, barua yako tumeisoma mara mbili. Asidi na vidonda hufuata chakula na njaa. Kitu kinachokuja ukibeba mzigo na kuondoka ukipumzika kinafuata kazi ya moyo. Nenda hospitali kesho asubuhi, usingoje siku ya soko ipite, na useme sentensi hii kama ilivyo: "Nina miaka 58, nina kisukari, napata uzito huu nikifanya kazi, nikipumzika unaisha. Nipimeni umeme wa moyo." Kikikujia ukiwa umepumzika, au kikipita dakika 15, hiyo ni dharura.

Wanawake wengi wenye mshtuko wa moyo huhisi kifua kubanwa kama wanaume. Lakini mara nyingi kuliko wanaume huongeza mengine: kichefuchefu, kukosa pumzi, maumivu ya taya, ya katikati ya mabega au ya chembe cha moyo, na uchovu wa kushindwa kutandika kitanda. Kisukari huzifisha neva, kwa hivyo maumivu yanaweza yasiwepo kabisa. Hapo ndipo mama hupewa dawa ya gesi akarudishwa nyumbani.

Siku ya dharura: keti, usitembee. Tafuna miligramu 300 za aspirini (nne za zile ndogo za 75) kama huna mzio nayo, hutokwi na damu, na wala huna dalili za kiharusi kama mdomo kupinda au mkono kulegea. Gari la jirani ni bora kuliko bodaboda, maana ukizirai huna wa kukushika. Elekea panapopima umeme wa moyo. Kwa wa Kisumu hospitali kubwa ya umma ni ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji bado huiita Russia. Anayeishi mbali aulize leo, akiwa mzima, kituo kipi cha karibu kina mashine hiyo na kama hufanya kazi usiku. Kipimo hicho kinatakiwa kifanywe ndani ya dakika 10 tangu ufike. Kikitoka sawa huku unaumwa, hakijakusafisha bado: hurudiwa, na damu hupimwa kuona kama misuli ya moyo imevuja troponini, protini inayotoka moyo ukiumia.

SWALI: Nina miaka 49, hedhi inaruka miezi, nasikia joto na moyo unapiga mbio. Tumbo nalo limeanza kutokea ilhali chakula ni kilekile. Homoni za kubandika zitanilinda moyo?
*Mwalimu, Vihiga*

JIBU: Moyo kwenda mbio pamoja na wimbi la joto ni kawaida ya umri huo. Ukija peke yake, ukikuzungusha kichwa au kukuangusha, pimwa umeme wa moyo, damu na tezi ya shingo.

Estrojeni ikishuka, mafuta mabaya ya damu hupanda, presha hufuata, na unene huhama kutoka nyonga hadi tumboni. Kwa hiyo chakula kilekile kina matokeo mapya. Homoni husaidia joto na kukosa usingizi, na kwa aliye chini ya miaka 60 au asiyepita miaka 10 tangu hedhi ikome huweza kutolewa kwa uangalizi. Ya kubandika haigandishi damu kama ya vidonge. Kwa ajili ya kuulinda moyo, haitolewi. Tofauti ni kwa mwanamke ambaye hedhi ilikoma kabla ya miaka 40, au aliyetolewa ovari zote mbili mapema alipofanyiwa upasuaji wa uvimbe wa kizazi. Huyo hatari yake huanza mapema, na kwa kawaida hushauriwa atumie homoni hadi umri ambao hedhi ingekoma yenyewe. Wengi hawajui walitolewa nini. Karatasi ya kuruhusiwa hospitalini ndiyo inayojua.

Tumbo lipime kwa uzi, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Kwa mwanamke, sentimita 80 ni onyo na 88 ni kengele.

Chumvi ipime kwa pakiti. Kiwango cha juu kwa mtu mzima ni gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai bila kilima, pamoja na iliyo kwenye mkate na vidonge vya mchuzi. Nyumba ya watu wazima watano, pakiti ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 20. Andika tarehe juu yake ukiifungua. Ikiisha siku ya kumi, mnakula maradufu, hata kama hakuna anayeongeza mezani. Magadi ya kulainisha mrenda, kunde na githeri nayo ni sodiamu. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha hayayahitaji, na hukaa jikoni muda mfupi, jambo linalofaa mara mbili kwa anayepikia kuni, kwa kuwa chembe laini za moshi huingia kwenye damu na kuumiza mishipa ileile. Kuni kavu, dirisha wazi, au jiko nje ya ukuta. Wanaobanika samaki siku nzima wakae upande upepo unakotoka.

SWALI: Mama yangu ana miaka 71, yuko Siaya. Ameacha dawa ya presha kwa sababu inamvimbisha miguu. Za magoti hajaacha, anazinunua sokoni. Tumshauri nini?
*Binti yake, Nakuru*

JIBU: Mpigie simu akusomee majina, au akutumie picha ya pakiti. Tunashuku amlodipini, kwa sababu huvimbisha vifundo vya miguu, na wanawake zaidi kuliko wanaume. Uvimbe wake huwa miguu yote miwili, huzidi jioni, na hauleti shida ya kupumua. Dawa za kukojoza haziusaidii sana. Daktari anaweza kuishusha kutoka miligramu 10 hadi 5, au kuiunganisha na losartani, ambayo huupunguza. Kuacha ghafla bila badala ndiko kunakoleta kiharusi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, hilo ni jingine: damu iliyoganda, siku hiyohiyo hospitali.

Za magoti ndizo zinazotutia wasiwasi. Kama ni diklofenaki au ibuprofeni, huzuia maji na chumvi mwilini, hupandisha presha, na kwa mzee huweza kuuangusha moyo uliokuwa ukijikongoja. Zikikutana na losartani na dawa ya kukojoza, figo huumia. Badala yake kuna parasetamoli isiyozidi gramu 3 kwa siku, dawa ya kupaka gotini, na zoezi hili: aketi kitini, anyooshe mguu mmoja, ahesabu hadi tano, aushushe, mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Misuli ya paja ikipata nguvu, goti hupumzika.

Kama anatumia ugoro, ahesabiwe miongoni mwa watumiaji wa tumbaku. Nikotini hupandisha presha na mapigo kila anaponusa.

Akirudishiwa dawa, apimwe presha akiwa ameketi, kisha dakika moja na dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, kiasi kipunguzwe, ama ataanguka akielekea choo cha nje usiku. Na kila asubuhi baada ya haja, kabla ya chai, apande mzani, aandike. Akiongeza zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, au akiomba mto wa tatu wa kulalia, hayo ni maji, na asingoje kliniki ya mwezi ujao.